Chunusi za mtoto anayekaribia kubalehe: uanze na dawa ipi?

Mtoto wa miaka 9 au 10 akianza kuota vipele vidogo vigumu kwenye paji la uso na pembeni mwa pua, watu wazima nyumbani huwa na majibu tayari: ni joto, ni uchafu, ni peremende. Mara nyingi ni chunusi tu, za kweli kabisa, zimetangulia mabadiliko mengine. Tezi za adrenali, zilizokaa juu ya figo, huanza kutoa homoni za awali mtoto akiwa na miaka 6 hadi 8 hivi, wakati ovari au korodani bado hazijaanza kazi. Homoni hizo zikifika kwenye ngozi, tezi za mafuta huongeza uzalishaji, na katikati ya uso ambako tezi hizo ni nyingi ndiko vitundu vinakoanza kuziba. Kwa hiyo usishangae chunusi zikawa dalili ya kwanza ya balehe inayoonekana kwa macho, kabla hata sauti haijabadilika au matiti hayajaanza kuota.

Kinachomtatiza mzazi ni cha kununua. Rafu ya duka la dawa ina mirija chungu nzima inayoahidi jambo lilelile, na mingi imetengenezwa kwa kumfikiria kijana wa miaka 16 mwenye uso wa mafuta, si mtoto mwenye ngozi laini ambaye atapaka dawa siku mbili kisha aisahau. Hapa nitalinganisha vile vinavyostahili kulinganishwa na kusema wazi ningechagua kipi, kwa mtoto wa namna gani.

Angalia kipele kabla ya kuangalia rafu

Chunusi za umri huu ziko makundi mawili, na uamuzi wote wa kununua unategemea kuyatofautisha.

Kundi la kwanza ni vitundu vilivyoziba. Kuna vichwa vyeupe, ambavyo mdomo wake umefunikwa na ngozi, na vichwa vyeusi, ambavyo mdomo uko wazi. Weusi huo si uchafu hata kidogo. Ni melanini, rangi ileile ya ngozi, pamoja na mafuta yaliyokutana na hewa. Mtoto anaweza kusugua pua mpaka ichubuke na weusi ukabaki palepale. Kundi la pili ni vipele vilivyovimba: vinauma vikiguswa, vingine vina usaha. Hapa bakteria wanaoitwa Cutibacterium acnes, ambao kila mtu anao kwenye ngozi, wamestawi ndani ya kitundu kilichoziba na mwili umeanza kupigana. Vipele hivi husemwa kuwa ni vyekundu, lakini kwenye ngozi nyeusi wekundu huo hauonekani. Utaona kipele cha zambarau, au cheusi kuliko ngozi iliyokizunguka, na kinang'aa kidogo kwa juu.

Watoto walio chini ya miaka 12 wengi wao wako kundi la kwanza, na vichwa vyeupe hukosewa kwa urahisi kwa sababu havina rangi. Msimamishe mtoto karibu na dirisha, mwanga umpige kwa upande na si usoni moja kwa moja, kisha uvute ngozi ya paji la uso kidogo kwa vidole viwili. Vile vinavyojitokeza kama vinundu vidogo vya rangi ya ngozi, vingi vikiwa karibu na mstari wa nywele, ndivyo hivyo.

Sasa, si kila kipele ni chunusi. Vipele vya ukubwa mmoja vinavyowasha sana, hasa kwenye paji la uso na mgongoni, vinaweza kuwa vya fangasi, na hivyo dawa za chunusi haviziogopi. Vipele vilivyouzunguka mdomo na kuacha mstari msafi pembeni mwa midomo mara nyingi hutokana na krimu ya steroidi, yaani dawa ya kutuliza uvimbe na mwasho, iliyopakwa usoni kwa sababu nyingine. Na usianze na dawa yoyote ya dukani ikiwa mtoto ana chunusi kabla ya kutimiza miaka 7, au ikiwa chunusi zimekuja pamoja na nywele za sehemu za siri, harufu ya kikwapa na kurefuka kwa kasi kabla ya miaka 8 kwa msichana au 9 kwa mvulana. Hapo anahitaji kupimwa homoni. Krimu itapoteza muda.

Kunawa na kusubiri, au kuanza dawa?

Huu ndio uchaguzi wa kwanza, na wengi huuruka. Kunawa na kusubiri kunafaa pale vipele ni vichache, haviumi, haviachi madoa, na mtoto mwenyewe hana habari navyo. Kunawa maana yake ni mara 2 kwa siku, kwa maji ya uvuguvugu na sabuni laini ya uso isiyo na harufu kali, kwa vidole, bila dodoki na bila zile sabuni zenye chembechembe za kukwangua. Akitoka kucheza na jasho, anawe tena. Faida ya njia hii ni kwamba haimchomi wala haimchoshi. Upungufu wake ni kwamba sabuni haiingii ndani ya kitundu kilichoziba. Itaondoa mafuta ya juu na jasho, na hapo ndipo kazi yake inaishia.

Kabla ya kuamua kwamba kunawa kumeshindwa, chunguza kinachopakwa kwenye nywele. Tangu mwaka 1970 madaktari wa ngozi wameieleza aina ya chunusi inayoletwa na mafuta mazito ya nywele: vinundu vilivyosongamana kwenye paji la uso na kwenye vipaji vya pembeni, mashavu yakiwa safi. Mtoto akiwa na picha hiyo, ningeanza kwa kuhamisha mafuta, yapakwe kwenye ncha za nywele na kusogezwa mbali na mstari wa uso, na foronya ibadilishwe mara kwa mara. Ngozi itachukua miezi kadhaa kusafika, lakini hutakuwa umempaka mtoto kemikali asiyoihitaji. Kofia ya kubana na mkanda wa kidevuni wa helmeti hufanya mchezo uleule mahali zinapokaa.

Ningehamia kwenye dawa mara tu moja kati ya haya linapotokea: vipele vinaacha madoa, vinauma, mzazi mmoja alikuwa na chunusi zilizoacha makovu, au mtoto ameanza kuvificha kwa nywele na kukataa kupigwa picha. Hili la mwisho watu wazima hulipuuza, na ndilo linalostahili uzito wa kwanza. Kuna sababu nyingine ya kutozembea. Utafiti uliowafuatilia wasichana kwa miaka 5, ukachapishwa mwaka 1997, ulionyesha kwamba waliokuja kuwa na chunusi kali walikuwa tayari na vitundu vingi vilivyoziba mapema kuliko wenzao. Si kwamba kila mwenye vinundu akiwa na miaka 10 atateseka akiwa na 16, ila ni busara kumwangalia kwa makini zaidi.

Asidi ya salisili au benzoili peroksaidi?

Hizi ndizo mbili zinazopatikana kwa urahisi bila cheti cha daktari, na mara nyingi hukaa rafu moja zikionekana kama ndugu. Si ndugu.

Asidi ya salisili, inayouzwa kwa nguvu ya asilimia 0.5 hadi 2, huyeyuka kwenye mafuta, kwa hiyo inaweza kupenya kidogo kwenye mdomo wa kitundu na kulegeza ngozi iliyokufa. Inafaa vitundu vilivyoziba, kwa mtoto mwenye tatizo dogo. Ni pole, na ni dhaifu pia. Bakteria haiwashughulikii ipasavyo. Mtoto mwenye mzio wa aspirini asiitumie, na isipakwe eneo kubwa la mwili.

Benzoili peroksaidi huua bakteria kwa kutoa oksijeni ndani ya kitundu, na hupunguza kuziba kwa kiasi. Jambo lake kubwa ni kwamba bakteria hawajajifunza kuizoea, tofauti na antibiotiki. Inauzwa kwa asilimia 2.5, 5 na 10, na hapa ndipo wazazi wengi hupoteza pesa: ile ya 2.5 hupunguza vipele vilivyovimba karibu sawa na ya 10, ila ya 10 hukausha na kuchoma zaidi. Kwa mtoto sioni sababu ya kuanza juu ya 2.5. Ukipata sabuni ya uso yenye benzoili ya asilimia 4 au 5, ambayo mtoto anaipaka, anaiacha dakika chache na kuisuuza, hiyo pia ni chaguo zuri kwa mwenye ngozi inayochomeka haraka, au kwa mgongo na kifua.

Kasoro yake utaikuta kwenye kikapu cha nguo. Benzoili inafuta rangi. Taulo la bluu litarudi na mabaka ya machungwa, kola ya sare itafuata, na foronya haitapona. Toa taulo jeupe na foronya nyeupe kabla ya siku ya kwanza, na dawa ikauke kabisa kabla ya kuvaa nguo.

Kati ya hizi mbili, vipele vikiwa vimevimba ningechukua benzoili bila kusitasita. Vikiwa ni vichwa vyeusi vichache puani na mtoto ana ngozi nyepesi kuchomeka, salisili inatosha kuanzia. Kuzitumia zote mbili kwa pamoja tangu mwanzo ni kumkausha mtoto uso kwa faida ndogo.

Vyovyote utakavyochagua, jaribu kwanza. Mwaka 2014 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, FDA, ilitahadharisha kwamba dawa za chunusi za dukani zenye benzoili au salisili zinaweza, kwa nadra, kuleta mzio mkali wa kuvimba uso na kubanwa pumzi. Paka kidogo sehemu moja ndogo kwa siku 3 mfululizo. Ukavu na kuchoma kidogo ni kawaida. Uvimbe, mabaka yanayowasha sana au shida ya kupumua si kawaida: acha mara moja, na pumzi ikibana mpeleke hospitali wakati huohuo.

Benzoili au adapalini?

Huu ndio ulinganisho wenye maana kubwa kuliko yote, na ndio usiozungumzwa sana dukani.

Adapalini iko kwenye ukoo wa retinoidi, dawa zinazotokana na vitamini A. Haifanyi kazi ya kuua bakteria. Inarekebisha jinsi chembe za ngozi zinavyokomaa na kubanduka ndani ya kitundu, ili zisigandamane na kukiziba. Yaani benzoili inapigana na kipele kilichokwisha kuvimba, na adapalini inazuia kile kitakachokuja baada ya miezi 2. Ukikumbuka kwamba watoto wa umri huu wengi wana vitundu vilivyoziba kuliko vipele vya usaha, utaona kwa nini madaktari wa ngozi huipenda sana.

Lakini kuna suala la umri. Nchini Marekani jeli ya adapalini ya asilimia 0.1 iliruhusiwa kuuzwa bila cheti mwaka 2016, kwa wenye miaka 12 na kuendelea. Jeli inayochanganya adapalini ya 0.1 na benzoili ya 2.5 iliruhusiwa huko kuanzia miaka 9, ila kwa cheti cha daktari. Kwa hiyo kwa mtoto wa miaka 9, 10 au 11, adapalini si dawa hatari. Ni dawa ya kuanza nayo baada ya daktari kumwona. Benzoili pekee unaweza kuianza mwenyewe kwa ushauri wa mfamasia.

Tofauti ya pili ni subira. Benzoili huonyesha dalili ndani ya wiki chache. Adapalini huanza kwa kuudhi: wiki 2 hadi 4 za mwanzo ngozi hukauka, hubanduka pembeni mwa mdomo na pua, na wengine huona vipele vikiongezeka kabla ya kupungua. Mzazi asiyejua hili huitupa dawa wiki ya tatu, yaani karibu tu na pale ambapo ingeanza kulipa. Kitundu huchukua wiki 8 hivi tangu kuanza kuziba mpaka kuonekana, kwa hiyo hakuna dawa ya chunusi inayohukumiwa kwa haki kabla ya wiki 8, na 12 ni bora zaidi. Piga picha moja siku ya kuanza, dirisha lilelile, na nyingine kila mwezi. Macho yanayomwona mtoto kila asubuhi hayawezi kupima.

Tofauti ya tatu ni upakaji, na hapa ndipo adapalini inaposhinda au kushindwa. Hupakwa usiku. Mtoto ananawa, anafuta uso kwa kugusagusa, kisha anangoja ngozi ikauke kabisa, dakika 15 au 20, kwa sababu ngozi yenye maji huchomeka zaidi. Kisha anatoa dawa ya ukubwa wa punje moja ya njegere, kwa uso mzima. Anaigawa kwa kidole nukta tano: paji la uso, mashavu mawili, pua, kidevu, halafu anazisambaza taratibu akiacha kope, pembe za pua na pembe za midomo. Dawa inayoonekana nyeupe usoni imezidi. Mtoto atataka kuipaka juu ya kipele tu, tena nyingi. Mweleze kwamba inatibu vipele ambavyo bado havijatoka, kwa hiyo inapakwa kila mahali vinapopenda kutokea. Juu yake anaweza kupaka losheni nyepesi isiyoziba vitundu, na kwa mwenye ngozi kavu losheni itangulie, dawa ifuate.

Wiki mbili za kwanza, usiku mmoja apake, unaofuata apumzike. Atakapokuja kulalamika, sikiliza vizuri anachosema.

"Mama, inachoma."

"Inachoma ukishapaka tu, au hata asubuhi bado?"

"Ukipaka tu. Halafu inaisha."

Hiyo inavumilika, mwongezee losheni. Akisema hata maji ya asubuhi yanamchoma, mpe mapumziko ya siku chache kisha rudi usiku 2 kwa wiki. Asubuhi kuna krimu ya kukinga jua, kwa sababu retinoidi huifanya ngozi iumie na jua upesi.

Je, zitumike zote mbili? Kwa mtoto mwenye vitundu vilivyoziba na vilivyovimba pia, ndiyo, na huo ndio mchanganyiko ninaouona bora kuliko yote akiuvumilia: benzoili asubuhi, adapalini usiku, au ile jeli iliyochanganywa mara 1 kwa siku. Adapalini haiharibiwi na benzoili. Tretinoini, retinoidi ya zamani zaidi, nyingi ya aina zake huharibiwa na benzoili na hata na mwanga, kwa hiyo ukiandikiwa hiyo usizikutanishe usoni kwa wakati mmoja bila kuuliza. Ila ongeza dawa moja kwa wakati. Ukianza mbili siku moja na ngozi ikachafuka, hutajua umlaumu nani.

Ningepanga hivi: vinundu vilivyoziba vingi, tafuta adapalini kupitia kwa daktari hata kama itakuchelewesha kidogo. Vipele vilivyovimba vichache, anza na benzoili ya 2.5 wiki hii. Na kwa mtoto ambaye unajua kabisa hatapaka kitu kila usiku, sabuni ya benzoili anayoikuta bafuni kila siku itamsaidia kuliko jeli bora inayokaa kabatini.

Ngozi nyeusi na swali la madoa

Kwa mtoto mwenye ngozi nyeusi, mara nyingi kipele si tatizo kubwa kama doa linalobaki. Kipele kinakwisha kwa wiki moja, doa linakaa miezi. Hapo inafaa kuijua asidi ya azelaiki, ya asilimia 15 au 20, ambayo hupunguza kuziba, hupunguza uvimbe na kufifisha madoa. Nguvu yake kwenye vitundu iko chini ya adapalini, na huwasha dakika chache baada ya kupakwa. Dawa hii nayo imeandikiwa zaidi wenye miaka 12 na kuendelea, kwa hiyo kwa mdogo wake muulize daktari. Adapalini pia husaidia madoa polepole, mradi haikuachiwa ikachoma ngozi, maana ngozi nyeusi iliyochomwa na dawa huota madoa mapya. Hii ndiyo sababu nasisitiza asilimia ndogo.

Kinachopaswa kukaa mbali kabisa ni krimu za kujichubua. Nyingi zina steroidi kali, haidrokwinoni au zebaki, na chupa haisemi ukweli kila mara. Steroidi huzipoza chunusi siku chache, halafu hurudi nyingi, zote za ukubwa mmoja, juu ya ngozi iliyokonda. Shangazi akimletea mtoto kikopo kisicho na orodha ya viungo, mshukuru na usikifungue. Kinga ya jua na kutominya vipele huzuia madoa mengi zaidi.

Jeli, krimu au losheni. Na vitu vya jikoni

Hili ni fupi. Jeli hukausha, inafaa uso wa mafuta. Krimu na losheni ni pole zaidi, zinafaa uso mkavu au mtoto mwenye historia ya pumu ya ngozi. Dawa ileile, asilimia ileile, inaweza kushindwa kwa sababu tu ilikuja kwenye jeli.

Dawa ya meno, limau, soda ya kuokea: hapana kwa yote. Yanachoma. Mafuta ya mti wa chai yana ushahidi kidogo kwa chunusi ndogo, ila yanaleta mzio kwa baadhi ya watu, na sioni yanampa mtoto nini ambacho benzoili ya 2.5 haimpi kwa uhakika zaidi. Juu ya chakula, kuna uhusiano fulani kati ya chunusi na vyakula vinavyopandisha sukari haraka, na pia maziwa, hasa yaliyoondolewa mafuta. Uhusiano huo ni dhaifu kiasi kwamba sitamnyima mtoto anayekua maziwa yake kwa ajili yake. Kupunguza vinywaji vyenye sukari kuna faida nyingine za kutosha.

Dukani au kwa daktari?

Mfamasia anatosha kwa chunusi ndogo, mtoto akiwa na miaka 9 na kuendelea na mengine yote yakiwa sawa. Kwa daktari unakwenda mapema pakiwa na vinundu vikubwa vya ndani vinavyouma, makovu yameanza kuonekana, chunusi zimeshuka kifuani na mgongoni kwa wingi, wiki 12 zimepita bila nafuu, au mtoto amenyong'onyea.

Ukifika huko kuna mambo mawili ya kuyajua. La kwanza ni antibiotiki. Klindamaisini ya kupaka husaidia vipele vilivyovimba, lakini haipaswi kutumika peke yake, kwa sababu bakteria huizoea. Iende pamoja na benzoili. Ukiandikiwa peke yake, uliza. Za kumeza, kama doksisaiklini, hazipewi walio chini ya miaka 8 kwa chunusi kwa sababu ya kutia madoa meno yanayokua, na hata kwa wakubwa lengo huwa kuzitumia kwa muda mfupi, miezi 3 au 4 hivi, huku dawa ya kupaka ikiendelea.

La pili ni isotretinoini, vidonge vilivyoruhusiwa Marekani mwaka 1982 kwa chunusi kali za vinundu. Inafanya kazi kuliko zote nilizozitaja, na ni ya daktari wa ngozi peke yake, mara nyingi kuanzia miaka 12. Inaharibu mimba vibaya, hukausha midomo na macho, na inahitaji vipimo vya damu. Mtoto anayekaribia kubalehe ni nadra kuihitaji. Nimeitaja kwa sababu jirani atakuambia ilimponya mwanawe, naye atakuwa anasema kweli, kuhusu kijana wa miaka 17.

Ukishachagua

Mwachie mtoto sehemu ya uamuzi. Mpe chaguo mbili unazozikubali wewe, sabuni au jeli, asubuhi au usiku, na dawa ikae pale anaposwakia. Usimkague uso mbele ya ndugu zake, wala usimuulize "umepaka?" mezani. Mwenye miaka 10 anaweza kupaka mwenyewe, ila mrija ukae mikononi mwako wiki ya kwanza mpaka uone ameshika kipimo.

Wiki 12 zikitimia, weka picha pamoja. Vipele vipya vikiwa vimepungua nusu, dawa inafanya kazi na inabaki ilivyo, hata kama madoa bado yapo. Visipopungua na ana uhakika amepaka, nenda hatua inayofuata: aliyeanza na salisili ahamie benzoili, aliyeanza na benzoili aende kwa daktari kuulizia adapalini. Na uso ukisafika kabisa, usisimamishe. Homoni zitaendelea na kazi kwa miaka kadhaa, na vitundu vitaanza kuziba upya kimyakimya wiki ileile dawa ilipoachwa. Muulize daktari kama adapalini inaweza kushushwa hadi usiku 3 kwa wiki, na mrija ukiisha mnunulie uleule.